Sikumtaja Shangazi

Watu hunisimamisha sokoni Kiberege na kuniomba wauone mgongo wangu. Wengine ni wageni kabisa, wametoka Mang'ula au Mlimba, wameelekezwa na mtu aliyeelekezwa na mtu mwingine. Nafungua vifungo vya shati, nageuka, wanaitazama ile nundu chini kidogo ya mabega, kisha wananiuliza nilitumia dawa gani. Nawaambia dawa ni zile za kliniki ya kifua kikuu, hutolewa bure, na mtu akishazianza asiziache bila kuambiwa na daktari. Hilo nalirudia bila kuchoka.

Lakini siku moja alinijia dada ambaye mume wake amelala ndani, miguu haina nguvu, na yeye hakuuliza dawa. Aliuliza hivi: "Kaka, nyumbani wanasema mume wangu amerogwa, na wanataka amtaje mtu. Ninyi mlifanyaje?" Sikuweza kumjibu pale pale, katikati ya watu wanaopimiana mchele. Nimeandika haya kwa ajili yake.

Naitwa Ligori. Kabla ya kuugua nilikuwa nalimia watu mashamba kwa pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono. Ile mashine ina nguvu, ukiishika vibaya inakuburuta, na ndani ya tope la mbugani inataka mtu mwenye mgongo. Mimi nilikuwa nao. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, simu yangu haikupumzika. Nilitoka shamba hili nikaingia lile, nilikula huko huko, nilirudi nyumbani mwili mzima umekauka tope, mke wangu Restituta akinicheka kwamba ameolewa na kambale.

Maumivu yalianza katika msimu mmoja wa kulima. Mwanzo nilidhani ni kazi. Restituta alinichua kwa mafuta, dukani wakanipa vidonge, nikapata nafuu ya siku chache, yakarudi. Kisha ikaja homa ya kila jioni. Jua likielekea kuzama nasikia baridi, najifunika, baadaye shuka linalowa jasho kama limetolewa kwenye beseni. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Watu wakaanza kuniambia nimepungua, kwanza kwa utani, baadaye bila utani.

Kilichonitisha hasa ni kandambili. Nilikuwa natembea njiani, mtu nyuma yangu akaniita: "Ligori, umeacha kiatu." Nikatazama chini. Kandambili ya mguu wa kushoto ilikuwa imebaki nyuma, mimi natembea peku na sijui. Nilirudi nikaivaa, nikatembea tena, ikabaki tena. Mguu ulikuwa wangu lakini ulikuwa umeacha kuniletea habari.

Muda mfupi baada ya hapo nilianguka shambani. Mashine ikaendelea kunguruma, mimi nimelala kifudifudi kwenye maji, natuma miguu inyanyuke na hainyanyuki. Vijana walinibeba hadi barabarani. Tangu siku hiyo sijashika tena pawatila.

Hapo lazima nimtaje mtu ambaye habari hii yote inamhusu. Shangazi Leokadia ni dada wa marehemu baba yangu. Anakaa peke yake nyumba chache kutoka kwetu. Alizika mume, kisha akazika watoto wake mmoja baada ya mwingine hadi wakaisha. Kijijini, mwanamke aliyezika watu wengi namna hiyo na mwenyewe bado yu hai haachwi bila maneno. Mimi aliniita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Nilimwamkia nilipokutana naye, nikampelekea mpunga wakati wa mavuno, na zaidi ya hapo sikuwa na habari naye.

Wakati ule nilipokuwa bado mzima, niliruka kutoka kwenye tela mbele ya mashine ya kukoboa, mbele ya kina mama wengi, na yeye alikuwapo anapepeta. Akaniambia: "Baba, shuka polepole. Miguu hainunuliwi." Watu walicheka, na mimi nilicheka. Miguu ilipoacha kufanya kazi, hakuna aliyecheka tena. Kila aliyekuwapo siku ile alilikumbuka neno lile, na kila aliyelisimulia aliliongezea chumvi kidogo.

Zahanati walipima makohozi, wakakuta hayana kitu. Walinipima na mengine, hayakuonyesha kitu. Kwa watu wa nyumbani jibu la namna hiyo lina maana moja tu. Kaka yangu Anjelus alikuja akakaa kitandani kwangu, akanishika goti ambalo sikulisikia likishikwa, akalia. Naomba anayesoma asimchukie kaka. Baba alipofariki yeye ndiye alinilea. Alichokitaka ni mimi nisimame.

Ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, kuna waganga wa kunyoa. Mtu anayetuhumiwa kwa uchawi hupelekwa huko, hunyolewa nywele, hunyweshwa dawa, hurudishwa, na inasemekana uchawi wake umekwisha. Lakini jina halinyolewi. Anayerudi kutoka huko anaishi nalo hadi kufa, na wapo wanaopelekwa kwa nguvu, wamefungwa mikono, ambao hurudi wamevunjika. Kaka na baba yetu mdogo walikuwa wamekwisha kuongea na mganga. Alitaka kitu kimoja. Mgonjwa mwenyewe, mbele ya ndugu, amtaje anayemjia ndotoni.

Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kawaida. Misa ya Jumapili, sala za jumuiya na majirani nikiwa na nafasi, rozari mwezi wa Oktoba. Sikuwahi kusikia sauti ya Mungu na sikuisikia wakati ule. Nilichokuwa nacho ni amri niliyofundishwa utotoni, ile ya kutomshuhudia mtu uongo. Nilikuwa naifahamu kama ninavyofahamu jina langu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja itanikaba. Nililala chali nikiitazama dari, nikajaribu kuizunguka. Nilijiambia kwamba si uongo, kwa maana kweli nilikuwa namwota Shangazi. Karibu kila nilipolala alikuja, amesimama mlangoni, ananitazama miguu. Na nilikuwa namwogopa. Nisiposema hilo, yote mengine hayatakuwa na maana. Nilimwogopa kwa moyo wote.

Kikao kilifanyika uwanjani kwa kaka baada ya misa. Nilibebwa kwa kiti. Walikuwapo kaka, baba mdogo, binamu zangu, na Restituta amempakata mtoto mdogo, huku Neema, binti yetu mkubwa, akimshikilia nguo. Shangazi hakuitwa. Baba mdogo alieleza habari ya mganga taratibu, kama mtu anayeeleza safari ya kawaida, akasema vijana wa kumchukua mama yule wapo tayari iwapo atakataa.

Kisha kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, hatukulazimishi kusema uongo. Tunakuuliza tu, unamwota nani?"

Nilisikia jasho likinishuka mgongoni hadi mahali ambapo mwili wangu uliacha kusikia.

"Namwota Shangazi," nilisema. Nikaona baba mdogo akivuta pumzi. Nikaendelea kabla hajaongea. "Namwota na mama pia, na mama amekufa. Ndoto haijaniambia nani amenifanyia hivi, wala kama yupo aliyenifanyia. Sijui, kaka. Kumtaja mtu kwa jambo nisilolijua siwezi."

"Hata kama ndiye?"

"Hata kama ndiye. Mimi sijui."

Kaka hakukasirika kama nilivyotarajia. Alionekana kama mtu aliyenyoosha mkono kumvuta mwenzake majini na mwenzake akaukataa. "Basi baki na kutojua kwako," akasema, "na usinitafute." Akaingia ndani, na kikao kikaisha.

Ningependa kuandika kwamba nilipata amani baada ya hapo. Sikupata. Nilirudishwa nyumbani nikiwa na hofu kuliko nilivyotoka, kwa sababu sasa sikuwa na kaka na miguu ilikuwa bado imelala. Nilimwambia Mungu kwamba nimefanya alichotaka, na kwamba kama amenidanganya nitakufa nikiwa mjinga. Sala nyingine sikuwa nayo.

Aliyenipeleka Ifakara ni Mama Kanisia, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Alitafuta gari la jirani, wakanilaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Restituta. Hospitali tulikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu waliotoka bonde zima. Kulikuwa na mvuvi mwenye mkono uliovimba, bibi aliyeshikilia picha yake ya mfupa kifuani kama mtoto, na mama kutoka Uchindile aliyesema amefika tangu jana na bado hajui aingie chumba gani. Kukaa kulikuwa mateso. Mama yule wa Uchindile aliona ninavyoinama, akakunja kitenge chake, akakisukuma nyuma ya mgongo wangu. Jina lake sikuwahi kulijua. Alipoitwa alikiacha, akaja kukichukua baadaye sana, nilipokwisha kuingizwa wodini.

Walinipiga picha, wakarudia kwa mashine kubwa, wakachukua nyama kidogo kwa sindano ndefu wakaipeleka kupimwa. Majibu yalichukua muda. Kila daktari alipoingia wodini nilijaribu kusoma uso wake kabla hajafika kwangu. Siku ilipofika, daktari wetu, dada mdogo kwa umri kuliko mimi, alivuta kiti akakaa. Alisema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili za uti wa mgongo, kimezila hadi zimebonyea na kuibana mishipa ya miguu. Ndiyo maana makohozi hayakuonyesha kitu. Dawa nitakunywa karibu mwaka mzima. Nilimuuliza kama nitatembea. Alisema wengi hutembea, lakini hawezi kuniahidi.

Nililia kwa furaha ya kuwa na ugonjwa wenye jina. Nikamwomba Restituta ampigie kaka. Niliweka simu sikioni nikamweleza yote, nikidhani mambo yameisha. Akasikiliza hadi mwisho. "Daktari amekuambia una nini," akasema. "Hajakuambia nani amekuletea." Akakata.

Dawa zilipoanza, mkojo wangu ukageuka rangi ya machungwa iliyokolea, karibu na nyekundu. Nilikuwa nimewekewa mpira wa mkojo, na mfuko ulining'inia pembeni ya kitanda, kila mtu anauona. Muuguzi alieleza kwamba ni rangi ya dawa, si damu. Restituta aliitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa, lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mfuko. Mama mkwe wangu alikuja kuniona kutoka Mngeta. Naye aliuona. Wakaongea nje, kwa sauti ya chini.

Nilitolewa hospitali mpunga ulipokuwa umeanza kutoa masuke. Anayeishi Kilombero anajua wakati huo kijiji kinakuwaje. Ndege wanashuka kama wingu, na watu wote wanahamia mashambani kuwaamia, yaani kuwafukuza, wanakaa kwenye madungu, vile vichanja vya kulindia, huko mbugani tangu alfajiri hadi giza. Nyumba zinabaki na wazee na mbuzi. Jumuiya walikuwa wamepanga zamu za kunihudumia, na kila mmoja alikuwa na nia njema, lakini ndege hawangoji.

Ndipo Restituta aliponiambia anakwenda kwa mama yake Mngeta. Alikuwa amekwisha kufunga nguo za watoto. Alisema watu wanamwambia kwamba kitu kilichonipata kikishamaliza kwangu kitawageukia watoto, na kwamba nilipewa nafasi ya kukizuia nikaikataa.

"Sikuachi," alisema. "Nawatoa watoto."

Mtoto mdogo aliniwekea mkono usoni, wakaondoka.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilisikia hatua nje na mlango ukasukumwa. Alikuwa Shangazi Leokadia, ameshika beseni na termosi. Alisimama pale pale mlangoni, kama alivyosimama ndotoni, akaitazama miguu yangu.

"Shikamoo Shangazi," nilisema.

"Marahaba, baba. Mama Kanisia kasema huna mtu. Nimekuja."

Aliweka maji, akafagia, akafungua dirisha lililokuwa limefungwa tangu jana Restituta alipoondoka. Kisha akamimina uji wa chenga za mchele kwenye kikombe, akauweka kwenye kigoda karibu na mkono wangu, akatoka nje kufua shuka zangu.

Nilibaki na kile kikombe. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya kutapikia. Ningeweza kuumwaga na asingejua. Dawa zile haziendi vizuri na tumbo tupu, na mtu mwingine wa kunipikia hakuwapo. Lakini sikuwa nafikiria dawa. Nilikuwa nafikiria kwamba nilisema mbele ya watu "sijui", na sasa yupo hapa, na kile kinywa kilichosema "sijui" kinatakiwa kunywa. Kukataa kumtaja mtu na kukubali kula mkononi mwake ni vitu viwili. Kile cha kwanza nilikifanya mara moja, mbele ya macho ya watu. Hiki kingekuwa kila siku, peke yangu.

Nilifumba macho. Nilisema: Mungu, kama nimekosea, nimekosea kwa kukutii, basi nipokee. Nikanywa. Ulikuwa uji, una chumvi kidogo, umeiva vizuri.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Alinigeuza kitandani kila baada ya muda, kama muuguzi alivyomwelekeza Restituta na Restituta kumwelekeza Mama Kanisia, ili nisipate vidonda. Alinikunjua magoti, akayakunja. Alimwaga mkojo. Siku ya kwanza aliponiogesha nilitamani ardhi inimeze. Mwanamume mzima na shangazi yake. Alinifunika kanga, akaosha huku uso wake ameugeuzia ukutani, mikono inapapasa kama ya kipofu, na wala hakutania ili kunipa nafuu. Alikuwa hasemi sana. Baadaye nilikuja kujua kwamba shamba lake mwenyewe alilikabidhi kwa jirani aliliamie ndege ili wagawane mavuno nusu kwa nusu, ndipo akapata nafasi ya kuwa kwangu.

Na mimi niliendelea kumwogopa. Hofu ilipungua mchana, ikarudi kila kikombe kilipowekwa kwenye kigoda.

Kisha nikaanza kutapika. Kwanza kidogo, baadaye kila nilichokula. Chakula kikanichukiza hata kwa harufu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Shangazi alinitazama machoni siku hiyo na akaacha kufagia. Alitoka, na sijui alimwambia nani, ila mchana kaka Anjelus alifika. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, akainua simu yake, akanipiga picha ya uso, akainyoosha nione. Macho yangu yalikuwa ya manjano kabisa.

"Umeona?" akasema. "Unakula mkononi mwake, na haya ndiyo unayoyapata."

Ndani yangu nilikuwa nimekwisha kusema hayo hayo kabla yake.

"Nina gari hapo barabarani," akaendelea. "Hospitali nitakupeleka, sikatai hospitali. Lakini kwanza utaje. Sema jina moja tu, Ligori, nikubebe."

Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua Shangazi yuko nyuma ya nyumba kwa sababu nilikuwa nimesikia akisugua sufuria, na sasa kusugua kulikuwa kumenyamaza. Nilikuwa mgonjwa kiasi kwamba sikuweza kufikiri sala. Nilijua mambo mawili tu. La kwanza, kwamba naweza kufa. La pili, kwamba tangu siku ya kikao hadi siku ile kila kitu kilikuwa kimebadilika isipokuwa kimoja: nilikuwa bado sijui.

"Nipeleke bila jina, kaka."

Aliirudisha simu mfukoni, akageuka, na baada ya kitambo nikasikia gari likiondoka.

Shangazi aliingia akikausha mikono kwa kanga. Hakuzungumzia lolote kati ya aliyoyasikia. Alinivalisha shati safi, akaenda barabarani mwenyewe, na akarudi na dereva wa bajaji na wanaume wawili waliokuwa wanatengeneza daraja la mfereji. Walinibeba. Shangazi akapanda, akanishikilia kwa mikono yote miwili njia nzima hadi Ifakara, kila bajaji iliporuka tuta akaninyanyua kidogo ili mgongo usigonge.

Tulikaa tena kwenye benchi. Nilikuwa nimemwegemea, kichwa begani kwake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukiweka. Hapo ndipo aliponiambia.

"Baba, mimi najua unaniogopa. Najua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nakuona kupitia dirishani unavyofumba macho kabla ya kunywa."

Nilitaka kusema kitu. Akanikatiza kwa kuendelea, bila kuinua sauti.

"Na mimi nilikuogopa. Ukifa mikononi mwangu hawatahangaika kunipeleka kunyolewa. Wataniua. Nilikuwa nalijua hilo kila nilipobandika chungu."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Niliambiwa nije."

"Na nani? Mama Kanisia?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Na huyo unayefumba macho kumwomba."

Daktari wetu alichukua damu, akasema dawa zimelielemea ini. Alisema huwatokea baadhi ya watu, na akanisifu kwa kuwahi. Zilisimamishwa zote hadi macho yakatakata, kisha zikarudishwa moja moja, wakinipima kila hatua. Shangazi alikaa wodini kipindi chote, akilala chini ya kitanda juu ya mkeka. Wagonjwa wenzangu walimwita "mama yako", na sisi hatukuwasahihisha. Uji wa wodini ulipoletwa alinishikia kikombe. Sikumbuki ni siku gani niliacha kufumba macho. Niligundua tu kwamba nimeacha.

Tulikuwa tumerudi nyumbani na mavuno yalikuwa yameanza niliposikia kitu kwenye dole gumba la mguu wa kulia, mfano wa muwasho. Nilimwita Shangazi aangalie kama kuna mdudu. Hapakuwa na mdudu. Nilituma kidole kisogee, na kikasogea. Alikishika kwa mkono mzima kama mtu anayekamata kifaranga, akaniambia nirudie. Nikarudia. Ameketi pale sakafuni, anakishika, ananiambia nirudie, hadi jasho likanitoka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa hatua ndogo. Kukaa bila kuegemea, nimefungwa mkanda wa mgongo. Kutolewa mpira, na aibu ya wiki zile ambazo kibofu kilikuwa hakijakumbuka kazi yake. Kusimama nimeshika dirisha. Restituta alirudi mpunga ulipokuwa umeingia ndani, akanikuta nimesimama hivyo. Alimpigia Shangazi magoti uwanjani, kwa kumwamkia, na alikaa hivyo muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Shangazi aliitikia, akamwambia ainuke, maji yanachemka. Lakini sitaficha kwamba katika miezi ile ya kiangazi, Shangazi alipoleta chakula, Restituta alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na watoto akawapikia kingine. Sikumlaumu. Hofu nilikuwa naijua ilivyo.

Nilimaliza dawa mvua za msimu mwingine zilipokuwa zimeshaanza, watu wengine wakilima. Natembea kwa gongo moja. Nundu haitaondoka, na mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Pawatila nimemkodisha mwenzangu, mimi natengeneza injini nikiwa nimekaa. Kaka tunasalimiana. Hajawahi kusema alikosea na sijamdai aseme. Shangazi hakunyolewa.

Kwako dada uliyeniuliza sokoni, jibu langu ni hili. Mpeleke mumeo hospitali, na wakikwambia makohozi hayana kitu, omba mgongo upigwe picha. Na kuhusu kumtaja mtu, msimtaje. Nisikudanganye kwamba ukitii utapona. Kuna mwanamume wodini kwetu aliyekuwa na imani kuliko mimi, na alifariki. Nisikudanganye pia kwamba hofu itaondoka kwanza ndipo utii uje. Kwangu haikuondoka. Nilitii huku nimeishikilia, kikombe kimoja baada ya kingine, na Mungu hakunidai zaidi ya hapo.

Nimalizie na jambo la majuzi. Jumuiya yetu husali kwa zamu nyumba hadi nyumba, na kwa miaka mingi zamu ilikuwa inairuka nyumba ya Shangazi Leokadia. Hakuna aliyepanga hivyo, ila ilirukwa. Niliomba mbele ya wote kwamba zamu inayofuata iwe kwake. Watu walitazamana, Mama Kanisia akaiandika.

Walikuja wachache. Kaka hakuja. Shangazi alikuwa ametandika mikeka hadi kwenye ua, mingi kuliko watu. Tulisali, tukasoma, tukaimba, na baada ya hapo alitoka jikoni na birika la chai na vikombe kwenye sinia, akamimina, akamwekea kila mmoja mbele yake. Kisha akakaa kando, mikono mapajani.

Hakuna aliyegusa. Mmoja alisema chai ni ya moto, aiache ipoe. Mwingine alitafuta kitu ndani ya mkoba wake. Mvuke ulikuwa unapanda kwenye vikombe vyote na mimi nilikuwa nimeshika changu, nataka kunywa, ila nilijua kwamba mimi nikinywa haitasaidia kitu. Kila mtu anajua mimi nilishakunywa.

Restituta alichukua kikombe chake. Akapuliza, akanywa, akanywa tena. Akamgeukia Neema aliyekuwa amekaa ubavuni mwake, akamshikia kile kile kikombe mdomoni, akamwambia: "Kunywa, mama, ni chai ya bibi."

Neema alikunywa hadi mwisho, akaomba nyingine. Vikombe vikaanza kuinuliwa, kimoja, kingine. Shangazi alinyanyuka, akasema anakwenda kuongeza maji kwenye birika, na alikaa sana huko jikoni kabla ya kurudi.